Likizo Mtwara: daladala au gari la kukodi?

Kila Desemba, na tena Juni shule zinapofungwa, familia zinazoshuka Mtwara kutoka Dar es Salaam au Dodoma huja na swali lile lile: tukodi gari la kuzungukia, au tupande daladala na bajaji kama wenyeji? Washauri hawakosekani. Kuna wanaosema kukodi gari kwenye mji mdogo namna hii ni kumwaga hela. Wengine wanajibu kwamba kumsukumiza mtoto wa miaka minne na bibi yake ndani ya Hiace yenye ndoo za samaki miguuni si likizo bali ni adhabu. Pande zote mbili zina hoja, lakini naona zote zinaanzia mahali pasipo penyewe, yaani kwenye bei. Mimi ningeanza kwa kuuliza daladala za Mtwara zinakwenda wapi, na zinamfuata nani.

Zinamfuata mwenye shughuli. Zinakwenda sokoni, Hospitali ya Ligula, stendi, Naliendele, Mikindani. Huwezi kumlaumu mwenye gari kwa kutopeleka Hiace yake ufukweni Jumanne saa nane mchana. Atarudi na nani? Kwa hiyo familia inayopanda daladala inauona mji unaofanya kazi, na hilo kwa wengine ni raha tosha. Inayotaka ufukwe mweupe wa kwenye picha itakuta njia nyingi zinaishia kabla ya kufika huko.

Halafu kuna umbo la mji wenyewe. Mtwara haukukua taratibu kuzunguka msikiti na soko kama Mikindani. Ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipotaka bandari ya kina kirefu ya kupitishia karanga za Nachingwea. Mradi wa karanga uliachwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa miaka ya 1960. Barabara pana na mitaa iliyoachana ndivyo vilivyobaki. Ndiyo maana mtaa wa Shangani na sokoni panaonekana karibu kwenye ramani ya simu, lakini ukiutembea umbali huo saa saba mchana na watoto, mwezi Desemba, kivuli kikiwa cha kuhesabu, utaona mambo mengine. Anayekuambia "mji mdogo, mtatembea tu" huenda hajautembea saa hiyo.

Hapo ndipo bajaji inapochukua nafasi, na ndipo hesabu ya "usafiri wa umma ni rahisi" inapoanza kulegea. Nauli ya daladala inalipwa kwa kichwa, ila mtoto akipakatwa kwa kawaida halipi. Bajaji unailipia yote kwa safari, nayo inabeba abiria watatu. Familia ya watu sita ni bajaji mbili, kwenda na kurudi, asubuhi na jioni. Jumlisha safari za siku nzima, utaona tofauti na gari la kukodi imepungua kuliko ulivyodhani ulipokuwa Dar. Baba anayebana matumizi huangukia bodaboda, na bodaboda na watoto mwisho wake ni mshikaki: dereva mbele, mtoto katikati, mzazi nyuma, kofia ngumu hakuna. Hilo silitetei hata kidogo.

Lakini ipo siku moja ambayo daladala inalishinda gari la kukodi waziwazi, nayo ni ya Mikindani. Ni kilomita kama kumi tu kwa barabara ya Lindi, magari yanapita mara kwa mara, na sehemu ya mwisho ya njia inapinda kufuata ghuba, mikoko upande mmoja na nyumba za zamani upande mwingine. Ukishuka hapo huhitaji gari tena. Mji mkongwe unatembeleka kwa miguu, na vichochoro vyake vina kivuli ambacho Mtwara mpya haina. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lipo juu kidogo ya bahari, siku hizi ni hoteli. David Livingstone alianzia ghuba hii mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Na kabla ya Wazungu hao wote palikuwa bandari ya misafara, pembe na watumwa, jambo ambalo mzazi anapaswa kumweleza mtoto wake bila kulipaka sukari. Maji yakipwa, watoto watatazama watu wakiokota kombe matopeni kwa muda mrefu kuliko watakavyolitazama Boma, na mimi nadhani wana haki. Aliyekuja na gari la kukodi saa hiyo ana dereva anayengoja na saa inayomdai, kwa hiyo huzunguka haraka, hupiga picha na kuondoka.

Kivuko cha Msangamkuu nacho kinaingia upande huo huo. Unapandia Msemo, na MV Mafanikio inavusha watu, pikipiki, matenga na magunia kwenda ng'ambo ya ghuba. Kwa mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kukanyaga chombo cha majini, dakika hizo chache ndizo atakazosimulia shuleni. Ng'ambo kuna ufukwe wa kuogelea, na kufika huko hakuhitaji gari. Tahadhari yangu ni moja: muulize mhudumu saa ya mwisho ya kurudi kabla hujavua viatu. Na mwezi Juni upepo wa kusi huwa mkali, bahari ikachafuka, kwa hiyo mashua ndogo za kukodi ziacheni siku hizo hata kama nahodha anacheka.

Sasa Msimbati. Huu ndio ufukwe ambao familia nyingi huwa nao kichwani, mchanga mweupe ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Upo zaidi ya kilomita arobaini kutoka mjini, na njia inapita Madimba, panaposafishwa gesi inayosukumwa kwa bomba mpaka Dar. Magari ya abiria yapo, lakini saa zake ni za mwanakijiji. Yanatoka kijijini alfajiri kumleta mjini mwenye samaki au mgonjwa, kisha yanarudi naye mchana. Mgeni anataka kinyume chake kabisa, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Familia inayong'ang'ania usafiri wa umma siku ya Msimbati ama italala huko bila kupanga, ama itarudi kwa bodaboda gizani. Hapa wanaotetea gari la kukodi wameshinda, wala sioni cha kubishana.

Kuna jambo wapenzi wa daladala hulipita haraka: nani anabeba uzito wa siku. Mara nyingi ni mama. Yeye ndiye anayempakata mdogo, anayeshika mfuko wa chakula, anayemwambia konda "shusha hapo mbele" huku akihesabu watoto mlangoni. Baba atakuambia jioni kwamba wameokoa hela na wameona mji. Mama muulize peke yake. Lakini na wapenzi wa gari wana lao la kujibu, kwa sababu mtoto aliyezungushwa na vioo vimefungwa hakupata nafasi ya kumuuliza jirani wa siti ya pili ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa huku, inachemshwaje, wala kuambiwa mabibo yanayouzwa pembeni ya barabara ndiyo tunda la korosho. Watu wa huku wanaongea na wageni, hasa ukianza na salamu ndefu.

Kwa hiyo ningegawa. Siku za mjini, Mikindani na Msangamkuu, pandeni vya umma. Ondokeni nyumbani saa tatu au saa nne, wanafunzi na wafanyakazi wakishafika waendako, na mrudi kabla magari ya jioni hayajajaa. Siku ya Msimbati kodini gari lenye dereva anayeijua njia, na kama kuna familia nyingine kwenye nyumba ya wageni, changieni. Mwenye mzee asiyeweza kupanda ngazi ya Hiace akodi hata siku ya Mikindani, ila mwambie dereva aende zake mpaka saa kumi.

Zaidi ya hapo, suala linatoka mikononi mwa familia. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, hutoa leseni kwa njia, na Coaster moja ya Msimbati ya Jumamosi na Jumapili wakati wa likizo, kwenda saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, si mzigo mkubwa kwa mji unaosema unataka wageni. Wenye magari watasema ikitoka tupu hasara ni yao, na hawakosei. Halmashauri ikitaka ijaribiwe, itabidi ichangie mafuta ya majuma ya mwanzo.