Marehemu Jino Langu

Gego langu la juu lilifariki mwaka jana hapa Kisumu. Daktari mwenyewe alilitoboa, akautoa mshipa ulio hai ndani, akasafisha mizizi na kuijaza kitu kama mpira. "Hilo sasa halitasikia moto wala baridi," akasema. Nikalipa gharama zote za mazishi peke yangu, bila harambee.

Sasa niambieni, maiti inaumaje?

Jumapili nimeketi ufukweni Dunga na samaki wangu, ngege, kung'ata mara moja tu, nikaona nyota saa saba mchana. Kesho yake nikamrudia daktari na shavu kama mandazi. Eti jino ndilo halisikii. Nyama inayolishikilia kwenye mfupa iko hai na inasikia kila kitu. Yaani marehemu katulia, wanaolia ni wafiwa.

Akapiga picha. "Kofia ulivaa?" Nikagusa kichwa.

Kumbe ni ile kofia ya jino niliyoambiwa nirudi kuvikwa. Gego likishachimbwa hivyo hubaki ganda, kupasuka ni rahisi, na ile simenti ya muda iliyoziba tundu ikilika, mate yanapitisha viini hadi mizizini. Nikasema pesa iliishia kwenye karo. Uongo. Nilikuwa sisikii maumivu, na mtu asiyeumwa hanunui kofia. Tena jino lenyewe nilikuwa nikilitumia kumenya miwa ya Kibos, nikimringia jirani kwamba limekuwa chuma.

Halafu akakohoa kidogo. Gego kama hilo, asema, mara nyingi lina mifereji minne ndani ya mizizi, na wa nne hujificha. "Huenda tulizibua mitatu." Tulizibua? Mimi nilikuwa nimeachama tu! Na mifereji minne ya nini? Ploti yetu Nyalenda ina mfereji mmoja, wapangaji kumi na wawili, na siku mbili kwa wiki haitoi hata tone.

Basi Alhamisi tunafukua kaburi. Akikuta ufa umeshuka hadi mzizini, anang'oa. Asipokuta, anasafisha upya, na safari hii kofia kwanza, karo baadaye.

Mama watoto amesikia yote hayo, akapika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe. Mahindi yake magumu kama kokoto. Eti nitafunie upande wa kulia.

Upande wa kulia ndio wenye jino lingine lenye tundu.