Sekunde 90 za Napoli, na moto wa Nyanda za Juu Kusini

Muuza mchele wa Mbeya anajua uzito wa jina. Gunia likiitwa "Kyela" linatafutwa, hata kama ndani yake umechanganywa mchele wa Usangu. Mnunuzi mzoefu hasikilizi maneno. Anachota kiganjani, anapuliza, ananusa. Ubishi huohuo upo kwenye pizza. Mgahawa wa Mbeya au Iringa ukiandika "pizza ya Napoli" kwenye menyu, wapo watakaosema huo ni uongo kwa kuwa unga, nyanya na jibini havikutoka Italia. Wengine watajibu kwamba chakula hakina pasipoti, kila mpishi apike na aite anavyotaka.

Hawa wa pili wana hoja. Pizza ilivuka bahari na wahamiaji, ikabadilika. New York, mgahawa wa Lombardi's ulianza kuuza mwaka 1905 ukitumia tanuri la makaa ya mawe. Chicago ilizaa pizza ya kina kirefu mwaka 1943. Detroit ikafuata mwaka 1946 na pizza ya pembe nne, iliyookwa kwenye trei za chuma zilizotoka kwenye viwanda vya magari. Hapa kwetu, Forodhani wanakunja unga mwembamba wa chapati juu ya kima, yai na kitunguu, wanaukaanga kwenye chuma, na dunia nzima inauita pizza ya Zanzibar. Hakuna anayedanganywa.

Lakini angalia majina. New York haikujiita Napoli, wala Detroit, wala Forodhani. Kila mtindo ulipoacha njia ya mwanzo ulichukua jina lake, na jina hilo likamweleza mlaji atapata nini. Ndiyo maana wanaolinda jina la Napoli wanaeleweka vibaya wakiitwa wenye majivuno. Masharti yao si ya kiburi, na ukiyasoma kwa makini si ya kuagiza makopo kutoka Italia pia.

Chama cha Napoli kinachoitwa Associazione Verace Pizza Napoletana kilianzishwa mwaka 1984 kuandika masharti hayo. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaisajili pizza ya Napoli katika kundi la vyakula vya jadi, kundi linalolinda namna ya kutengeneza. Si lile la mazao yaliyofungwa kwenye ardhi fulani, kama jibini ya nyati wa Campania, jimbo lenye Napoli. Mwaka 2017 UNESCO ikaorodhesha ufundi wa mpishi wa pizza wa Napoli. Imeorodheshwa mikono, haikuorodheshwa nyanya. Kwa hiyo anayesema pizza hiyo haiwezekani Iringa anadai kitu ambacho wenyewe hawakukidai.

Wanachodai, kwa kanuni hiyo ya Ulaya ya 2010, ni hiki: maji lita 1, chumvi gramu 50 hadi 55, hamira mbichi gramu 3, unga wa ngano kilo 1.7 hadi 1.8. Hakuna mafuta wala sukari ndani ya unga. Ukishakandwa unaumuka saa 2, unakatwa madonge ya gramu 180 hadi 250, kisha unaumuka tena saa 4 hadi 6. Unatandazwa kwa vidole kuanzia katikati kwenda nje, kamwe si kwa mti wa chapati, maana mti unaifinya hewa yote na ukingo hauinuki. Halafu tanuri la nyuzi 485, sekunde 60 hadi 90.

Sekunde hizo ndizo kiini cha jambo lote, na ndizo zinazopuuzwa. Kwenye joto hilo maji yaliyo ndani ya unga yanageuka mvuke ghafla, ukingo unafura kabla ngozi haijakauka, madoa meusi kama ya chui yanatokea juu, na katikati kunabaki laini kiasi cha kukunjika mara nne kama kitambaa. Peleka donge hilohilo kwenye oveni ya gesi ya nyumbani inayoishia nyuzi 250. Litahitaji dakika 7 hadi 10. Muda wote huo maji yanatoka, na kwa kuwa hakuna sukari wala mafuta ya kusaidia rangi, unga unabaki mweupe huku unakauka. Mpishi anaongeza dakika akisubiri rangi, na anachotoa ni biskuti yenye nyanya juu. Hakukosea vipimo. Alichukua vipimo vya moto mmoja akavipeleka kwenye moto mwingine.

Kinyume chake pia ni kweli. Mtindo wa New York hutia mafuta kiasi cha gramu 25 na sukari gramu 15 kwa kilo ya unga, kwa sababu oveni zake hupika kwa joto la chini zaidi na kwa dakika kadhaa. Uingize unga huo kwenye nyuzi 485 na utaungua nje kabla ndani hakujaiva. Vipimo na moto ni chanda na pete. Hata chama cha Napoli kimeshazikubali oveni za gesi na za umeme zinazofika joto linalotakiwa, jambo linaloonyesha kwamba kuni zenyewe hazikuwa siri.

Sasa, je, joto hilo linapatikana huku? Linapatikana, lakini si kwenye tanuri la mkate kama lilivyo. Tanuri la mkate hutumia joto lililobaki. Huwashwa, makaa yakaondolewa, mkate ukaiva kwa joto linaloshuka. La pizza linataka kuba la chini, mlango usiozidi thuluthi mbili za urefu wa kuba, na moto unaowaka pembeni wakati wote ili ulimi wake upite darini. Tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu vinatosha, ilimradi mgongo wa tanuri ufunikwe unene wa kutosha wa kitu kinachozuia joto. Mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe yanafaa sana kwa kazi hiyo. Huna kipimajoto? Tazama dari. Kwanza linakuwa jeusi kwa masizi. Masizi yakiungua yote likarudi kuwa jeupe, umekaribia. Kuni za miwati ya Njombe au milingoti (mikaratusi) iliyokauka vizuri zitakufikisha hapo. Misindano (misonobari) iache: utomvu wake unatoa moshi na masizi yanayotua juu ya chakula.

Mwinuko ndio unaowapiga chenga wengi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Unga wenye joto sawa na wa Napoli utafura haraka zaidi, kwa hiyo hamira ipungue, gramu 2 badala ya 3. Ila Juni na Julai baridi inafanya kinyume: jikoni pakiwa na nyuzi 13 donge linakaa kama jiwe, mpishi anahamaki, anatia hamira maradufu. Mchana jua likitoka unga unafumuka, unaporomoka, na pizza inanuka hamira. Dawa yake ni sanduku la kuhifadhia barafu, madonge ndani pamoja na jagi la maji ya uvuguvugu, lifungwe, libaki kwenye nyuzi 23 hadi 25.

Unga wa dukani nao upimwe kabla ya kulaumiwa. Kanda gramu 100 kwa maji kidogo, uache nusu saa kwenye bakuli la maji, kisha uuoshe kwa vidole mpaka maji yasiwe meupe tena. Kinachobaki mkononi ni mpira wa gluteni, protini ya ngano inayovutika. Ukiwa na gramu 30 hivi, na ukivutika bila kukatika, unga huo unafaa. Ukibaki vipande vinavyoteleza kati ya vidole, huo ni wa keki.

Kuhusu nyanya, kanuni ya 2010 inataka zilizomenywa au ndogo mbichi, haitaji shamba. Nyanya za Ilula aina ya Rio Grande, ndefu na zenye nyama nyingi, zikimenywa na kupondwa kwa mkono bila kupikwa hazina sababu ya kukataliwa. Jibini ndiyo ngumu. Margherita, pizza ya nyanya na jibini laini ya mozzarella, inataka mozzarella inayofuata utaratibu wake wenyewe, na ile inayotengenezwa Njombe, hata ikiwa tamu, inabidi ichujwe maji saa kadhaa, la sivyo sekunde 90 zitaacha dimbwi katikati.

Lakini kanuni ileile inatambua pizza nyingine, marinara, isiyo na jibini kabisa: nyanya gramu 70 hadi 100, punje moja ya kitunguu saumu iliyokatwa vipande vyembamba, majani ya kiungo kiitwacho oregano, mafuta ya zeituni. Ni mafuta na oregano tu vitakavyotoka mbali. Mgahawa wa Iringa wenye tanuri la kuni ungeweza kuiandika "ya Napoli" kesho bila kumdanganya mtu. Mwenye oveni ya gesi aoke kwenye trei, atie mafuta na sukari yake, aweke jibini ya Njombe, na aandike hivyohivyo kwenye menyu: pizza ya trei, jibini ya Njombe, nyanya za Ilula.