Mwalimu Mpya na Zana za Kidijitali: Kumtetea Anayekwenda Polepole

Mwalimu anayeingia darasani kwa mara ya kwanza siku hizi hukabidhiwa, pamoja na ratiba na majina ya wanafunzi, orodha ndefu ya nywila. Kuna mfumo wa kuwekea alama, mfumo mwingine wa kugawia kazi za nyumbani, programu ya chemshabongo, programu ya slaidi, hifadhi ya video na, tangu ChatGPT itolewe kwa umma Novemba 2022, programu za akili unde ambazo anaambiwa zitamrahisishia kuandaa masomo. Muhula ukiisha akawa anatumia moja tu kati ya hizo, huonekana kuwa mzito wa kujifunza, au huandikwa kwa upole kwamba bado hajakumbatia teknolojia. Hukumu hiyo hutolewa haraka mno, na mara nyingi humwangukia mtu anayefanya kazi yake kwa uangalifu kuliko wanaomhukumu wanavyodhani.

Hoja ya wanaotaka mwalimu mpya ajifunze zana nyingi mapema ina uzito wake. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani wakabaki nyumbani, walimu wengi walilazimika kujifunza kwa siku chache mambo ambayo wangeweza kuyajua kwa miaka, na gharama ya kuchelewa huko ililipwa na wanafunzi. Wanasema pia kwamba mazoea ya kazi hujengeka katika miaka ya mwanzo, na kwamba anayezoea kufundisha bila zana hizo atazidi kuona ugumu wa kubadilika. Kuna jambo moja ambalo nakubaliana nao bila masharti: darasani akiwamo mwanafunzi mwenye uoni hafifu anayehitaji matini ikuzwe au isomwe kwa sauti, au asiyesikia vizuri anayehitaji video yenye maandishi, mwalimu hana ruhusa ya kungoja. Zana hiyo aijue wiki hiyohiyo, hata kama nyingine zote zitasubiri.

Tatizo huanza pale hoja hii inapovuka mpaka na kudai kwamba mwalimu kijana, kwa kuwa amekua na simu mkononi, hana kisingizio. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 2001, mwandishi wa Marekani Marc Prensky alipowaita vijana waliozaliwa katika zama za kompyuta wazawa wa dijitali, na haijatoka vichwani mwa wakuu wengi wa shule. Lakini kutumia simu na kufundishia kwa simu ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Watafiti wa elimu Punya Mishra na Matthew Koehler wa Michigan State University walilieleza jambo hili vizuri mwaka 2006, wakijenga juu ya kazi ya mwanasaikolojia wa elimu Lee Shulman ya mwaka 1986: mwalimu anahitaji kulijua somo lenyewe, kuijua njia ya kulifundisha na kuijua zana, na juu ya hayo anahitaji ujuzi wa nne unaozaliwa pale matatu hayo yanapokutana. Huo wa nne hauji na umri, wala hauji na kishikwambi. Huja kwa kufundisha mada ileile mara kadhaa na kuona wanafunzi wanapokwama.

Kuna takwimu mbili ambazo kila ninapozirudia naona zinasema zaidi ya zinavyosomwa. Katika utafiti wa kimataifa kuhusu walimu uitwao TALIS, wa mwaka 2018, ambapo OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, liliwafikia walimu wapatao 260,000 katika nchi na maeneo 48, asilimia 56 ya walimu wa nchi za OECD, kwa wastani, walisema matumizi ya TEHAMA katika kufundishia yalikuwamo katika mafunzo yao ya ualimu. Waliosema kwamba walimaliza mafunzo hayo wakiwa wameandaliwa vyema kwa jambo hilo walikuwa asilimia 43. Wengi husimama kwenye namba ya kwanza na kulalamika kwamba karibu nusu hawakufundishwa kabisa, nao wana haki ya kulalamika. Mimi husimama kwenye pengo lililopo kati ya namba hizo mbili, kwa sababu linaonyesha kwamba mada inaweza kuwamo kwenye mtaala wa chuo, ikafundishwa, ikatahiniwa, na bado mwalimu akatoka akijua moyoni kwamba hayuko tayari.

Ni kweli kwamba waliojibu ni pamoja na walimu waliosoma zamani, kwa hiyo namba hizi haziwezi kubebeshwa vijana peke yao. Lakini mwenye kufuatilia jinsi mada hii inavyofundishwa hatalishangaa pengo hilo. Mwanachuo huonyeshwa namna ya kuingiza picha kwenye slaidi, akapata alama zake. Haonyeshwi ni lini picha hiyo itamsaidia mtoto kuelewa uwiano na ni lini itamwondolea fikra. Zana imetenganishwa na somo, kama kumfundisha mtu kushika usukani ilhali hajawahi kuiona barabara. Katika utafiti huohuo, asilimia 18 ya walimu walisema wana hitaji kubwa la mafunzo kazini kuhusu TEHAMA. Watu wanaoomba kufundishwa hawawezi kuitwa wapinzani wa teknolojia.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la mwalimu aliyekuwa katika muhula wake wa pili kazini. Kipindi kilikuwa cha dakika 40, mada ya hisabati ilikuwa kulinganisha sehemu, yaani namba kama 1/2 na 3/4, na alikuwa ameandaa chemshabongo ya maswali kumi kwenye programu ambayo ndiyo kwanza ameelekezwa. Kishikwambi kimoja kilikuwa kimeisha chaji, wanafunzi wawili walikuwa wamesahau nywila, mwingine aliingia kwa jina la utani darasa zima likaangua kicheko. Dakika 14 zilipita kabla ya swali la kwanza. Swali la tatu liliuliza ipi kubwa kati ya 3/8 na 2/5, na vijiti vya matokeo vilipopanda kwenye projekta ilionekana wazi kwamba zaidi ya nusu ya darasa walichagua 3/8. Ndicho hasa mwalimu yeyote wa hisabati angetamani kukiona: watoto wanaitazama 3 na 8, wanaona ni namba kubwa kuliko 2 na 5, wanaamua. Programu ilikuwa imemletea kosa hilo mezani likiwa zima. Lakini saa ya programu ilikuwa inahesabu kuelekea swali la nne, yeye hakujua pa kubonyeza ili isimame, na swali la nne likaja.

Tathmini aliyopewa siku hiyo ilimsifu kwa kutumia TEHAMA. Sifa hiyo inanisumbua hadi leo.

Mwanasaikolojia John Sweller, katika kazi aliyoanza kuichapisha mwaka 1988, alionyesha kwamba akili ya mtu inapojifunza jambo jipya ina nafasi finyu ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo ikijazwa na shughuli za pembeni, kujifunza hupungua. Kwa kawaida tunaitumia hoja hii kwa wanafunzi. Naona inamhusu vilevile mwalimu anayeanza, ambaye kwa dakika moja anaangalia nidhamu, anakumbuka hatua inayofuata ya andalio lake la somo, anapima kama aliyejibu ameelewa au amebahatisha, na anajaribu kukumbuka majina. Kwa mwalimu mzoefu mengi ya hayo yamekwisha kuwa mazoea, kwa hiyo zana mpya humkuta akiwa na nafasi. Kwa mgeni, kila zana inayoongezwa hukata kutoka kwenye umakini uleule ambao ungemwezesha kumwona mtoto aliyekwama. Anayechagua zana moja na kuikataa ya pili kwa sasa anaulinda umakini huo.

Zana moja ikijulikana vizuri hufika mbali. Mwalimu anayeifahamu GeoGebra, programu ambayo Markus Hohenwarter alianza kuiunda mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, anaweza kuchora y = ax², akakisogeza kipimo cha a polepole mbele ya darasa, na wanafunzi wakaiona grafu ikifunguka na kujifunga, ikawa mstari ulionyooka a ilipofika sifuri, kisha ikapinduka chini. Anaweza kusimama hapo kwenye sifuri na kuuliza kwa nini. Kujua pa kusimama ndiko kunakomchukua muda, maana kusogeza kipimo chenyewe kila mtu anajifunza kwa dakika mbili.

Wapo watakaosema kwamba kutegemea zana moja ni hatari kwa sababu teknolojia hubadilika. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inaeleza kwamba bidhaa za teknolojia ya elimu hubadilika kila miezi 36, kwa wastani. Mimi namba hiyo naisoma kinyume chao. Ikiwa programu nyingi nitakazofundishwa leo zitakuwa na sura nyingine kabla sijakamilisha miaka minne kazini, kukimbilia kuzijua kumi kunanipa nini? Hata mwongozo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la 2018, wenye umahiri 18, umepangwa katika ngazi tatu zinazopandwa moja baada ya nyingine. Shule inayodai ngazi ya tatu katika muhula wa kwanza haiwezi kusema inaufuata mwongozo huo.

Kinachopungua kwa wengi wa walimu hawa ni muda, pamoja na mtu wa kukaa naye. Saa moja kwa wiki na mwalimu mlezi wa somo lilelile, wakiijaribu zana kwa mada itakayofundishwa kesho, ingezaa zaidi ya semina ya siku nzima inayozungushia ukumbi mzima programu nane. Shule ambayo haiwezi kutoa saa hiyo haina haki ya kudai zana nane.

Mwalimu yule wa kipindi cha kulinganisha sehemu nilimwona tena wiki kadhaa baadaye. Programu ilikuwa ileile, lakini safari hii ilikuwa na swali moja, nalo lilikuwa lilelile la 3/8 na 2/5. Majibu yalipoonekana aliizima projekta, akachukua chaki, akachora mistatili miwili iliyolingana, mmoja akaugawa mara nane na wa pili mara tano, kisha akamwita mbele mwanafunzi mmoja aliyechagua 3/8 aje atie rangi. Tofauti ilikuwa ndogo mno kwa macho, darasa likabishana, hadi mmoja wao akapendekeza mistatili yote igawanywe mara 40. Walipomaliza kuhesabu, 15 kwa 16, kengele ilikuwa imeshalia na hakuna aliyekuwa amesimama.