Ruzuku za utafiti: tundu lilikuwa kwa wakubwa, si kwa wahakiki

Mwaka 2007 wapiga kura wa jimbo la Texas, Marekani, waliridhia serikali yao ikope dola bilioni 3 za kugharamia vita dhidi ya saratani. Taasisi iliyokabidhiwa kazi hiyo, CPRIT, ilianza kwa tahadhari: wanasayansi wa kuhakiki maandiko ya kuomba ruzuku walitafutwa nje ya Texas, ili mtu asimpitishe mwenzake wa chuo kimoja.

Bado ikavuja. Mwaka 2012 mkuu wake wa sayansi, Alfred Gilman, mshindi wa Nobel, alijiuzulu baada ya mradi wa dola milioni 20 kupitishwa bila uhakiki wa kisayansi. Mwishoni mwa mwaka huo ikabainika kwamba Peloton, kampuni changa ya Dallas, ilipewa dola milioni 11 bila andiko lake kuhakikiwa kabisa.

Wanaoogopa masharti makali ya kuzuia mgongano wa maslahi wana hoja. Katika fani finyu, anayeweza kulipima andiko sawasawa mara nyingi ndiye mshindani au mshirika wa mwombaji. Waondoe wote, utabaki na wasioijua kazi. Kashfa yenyewe ilisimamisha ruzuku mpya kwa miezi mingi, na saratani haisubiri vikao. Tena Peloton ilileta dawa kweli, belzutifan, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021.

Hoja hii ya mwisho siipokei. Waombaji wengine walipitia chujio lote, na wapo waliokosa. Hatujui maandiko yao yangezaa nini.

Hiyo ya wataalamu naikubali, ila ina dawa: mhakiki anatangaza uhusiano wake, anatoka chumbani andiko hilo likijadiliwa, kisha anarudi kwa mengine. Ugumu uko kwa wakubwa. CPRIT ilikuwa na wakfu wa kuisaidia, na michango ya wakfu huo iliongezea mishahara ya viongozi wake. Mchangiaji akiomba ruzuku, ofisa wa namna hiyo atajitenga na kikao gani, wakati saini yake inahitajika kote?

Ndiyo maana naiona sheria ya 2013 kuwa ya maana kuliko kanuni yoyote ya wahakiki. Ilipiga marufuku kumpa ruzuku aliyeichangia taasisi au wakfu wake, na ikamtaka ofisa wa uzingatiaji athibitishe kila ruzuku imefuata taratibu. Mwaka 2019 wapiga kura waliiongezea CPRIT dola bilioni 3 nyingine.