Lita tatu mgongoni, ukungu mrijani

Tangazo limezunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp ya wapanda milima wa Kampala: mfuko wa maji wa lita tatu wa kubeba mgongoni, mrija wa kunywea begani, "mikono huru". Kwenye picha kuna kijana kileleni, meno nje. Picha ya mrija huohuo baada ya wiki mbili kabatini haikuwekwa, sijui kwa nini.

Mfuko wenyewe unaosheka. Mrija ndio shida: una urefu wa karibu mita moja, mwembamba, na bila brashi yake maalumu huufikii ndani. Matone yanayobaki humo, kwa joto letu hili, huota ukungu mweusi, na mara nyingi unaanzia kwenye kichwa cha kung'ata, pale pale ulimi unapogusa. Ukitia juisi au glukosi, umeulisha. Dawa ipo. Osha kwa sabuni, jaza maji yenye kijiko kimoja cha chai cha Jik (dawa ya klorini ya kufulia) isiyo na manukato kwa kila lita, minya kichwa ili maji hayo yapite mrijani, acha nusu saa, suuza mpaka harufu iishe. Kisha chomoa mrija, vua kichwa, uzungushe hewani matone yatoke, tundika kila kitu kikauke. Sasa niambieni nani anafanya hayo Jumapili usiku, ametoka Mlima Elgon, ameshuka kwenye basi la Mbale na Jumatatu ana kazi.

Halafu maji yaliyo mgongoni huyaoni. Unanyonya kwa raha mpaka mrija unakoroma, na kumbe kwenye mlima Muhavura, mita 4,127, bado uko katikati ya mteremko. Kule Rwenzori, wanaoanza kupanda kilele cha Margherita usiku hugandishiwa mrija kabla ya mfuko, wasipopuliza maji yarudi ndani kila baada ya kunywa.

Kwa wengi wetu chupa mbili za nusu lita, moja kwenye kila mkanda wa bega, zinatosha kabisa. Fundi cherehani yeyote anashona vifuko vyake: turubai laini, kina cha sentimita 15 ili shingo ya chupa ibaki nje, tundu dogo chini la kutolea maji ya mvua, kamba ya mpira ya kufunga shingoni. Mwambie aweke vishikizo viwili nyuma, juu na chini. Akiweka cha juu peke yake, chupa itabembea na kukupiga mbavu kila hatua. Kunywa kwa zamu, kulia na kushoto, mabega yasivutwe upande mmoja. Maji mengine, lita moja au mbili kadiri ya njia, yakae ndani ya mkoba karibu na mgongo, ujaze mkipumzika. Na mkichota mtoni, chupa moja inakaa na dawa ya kusafisha maji huku nyingine ina maji salama. Mwenye mfuko mmoja atasubiri na kiu yake.

Haya, mlima Sabyinyo nawaachia wenye mrija. Zile ngazi za mbao zinataka mikono miwili na kifua kisichoning'inia kitu. Chupa za begani zinagonga vipago na kukusukuma nyuma. Hapo mrija unashinda. Au hamishia chupa mkobani kabla ya ngazi ya kwanza, mambo yaishe.

Mkanda wa chupa wa kiunoni ni wa wakimbiaji. Uvae chini kwenye nyonga, la sivyo unaruka. Mfuko wa mtumba wa soko la Owino nunua ukipenda, lakini mrija uwe mpya. Na kama lazima uwe na mfuko, chagua wenye swichi ya kufunga maji, maana kwenye boda, kichwa cha mrija kikibanwa kati yako na mgongo wa dereva, mtafika stendi wote wawili mmelowa.