Msanii Asiitwe Dakika ya Mwisho

Mwaka 2020 nilipewa kazi ya kuchora ukuta wa zahanati moja nje kidogo ya Kisumu. Chanjo ya malaria ilikuwa bado ngeni. Ilikuwa imezinduliwa Homa Bay Septemba 2019, na majaribio yakafanywa magharibi mwa Kenya kwa sababu huku kando ya ziwa ndiko malaria imekita mizizi zaidi nchini. Waliotupa kazi walileta mchoro tayari: sindano kubwa, mtoto anayetabasamu, na tarakimu nne za miezi ya dozi, 6, 7, 9 na 24. Nikachora siku tatu kwa rangi ya mafuta, nikalipwa, nikapanda boda.

Niliporudi kuchukua ngazi yangu, sista mmoja, muuguzi wa zahanati hiyo, alikuwa amesimama akiutazama ukuta.

"Fundi, umechora vizuri," akaniambia. "Lakini dozi tatu za kwanza si shida sana. Shida ni ile ya nne. Mtoto wa miaka miwili anakimbia, hana homa, nani atakumbuka kumleta?" Akaongeza kuwa akina mama wengi hawamhesabii mtoto miezi, wanasema ameanza kukaa, ameanza kutambaa.

Papo hapo nikauona mchoro uliotakiwa. Mtoto yule yule mara nne: ameegemezwa mito, anakaa mwenyewe, anatambaa, na wa mwisho anamfukuza kuku uani. Sindano ingekuwa ndogo, pembeni. Sista alikuwa nao mchoro huo kichwani siku zote tatu nilizokuwa juu ya ngazi, hatua kumi kutoka mlangoni pake, na sikumwuliza.

Linaniuma hadi leo. Nilifundishwa kuchanganya rangi, vipimo vya uso, kivuli na mwanga. Hakuna aliyenifundisha kukaa na muuguzi nikamsikiliza, au kumwuliza mhandisi maji ya mvua yatateremkia wapi, au kumwambia mteja kwa heshima kwamba mchoro wake hautafanya kazi. Huo ni ujuzi, nao hufundishika.

Mierle Laderman Ukeles alijiunga na idara ya usafi ya jiji la New York mwaka 1977 kama msanii wake. Kati ya 1979 na 1980 alizunguka mitaa yote akiwapa mkono wafanyakazi wapatao 8,500, mmoja mmoja, akiwashukuru. Namheshimu sana kwa kuanza na watu wenyewe. Ila hakuwa akilipwa mshahara, na hapo nasema hapana: msanii akae mezani tangu siku ya kwanza, na jina lake liwe kwenye bajeti pamoja na la mhandisi.

Hapa Kenya, Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia; sayansi ya jamii; na sanaa na michezo. Sipingi mikondo. Naogopa ukuta kati yake. Anayesomea uchoraji angepelekwa muhula mmoja kliniki, kwa wavuvi wa Dunga, au karakana ya mafundi wa jua kali pale Kibuye, na anayesomea uuguzi naye aje studio aone wazo linavyogeuka picha. Vyuo vyetu navyo vifanye hivyo. Haihitaji jengo jipya.

Vijana wawili wanaojifunza kwangu hawagusi brashi kabla ya kukaa asubuhi nzima kwenye benchi la wagonjwa. Juzi mmoja alirudi na swali moja tu daftarini, kutoka kwa mama mjamzito: neti hii nitaifunga wapi, nyumba ni ya mabati na haina dari? Tumemwita fundi wa mabati. Jumatatu tunakaa naye, kisha ndipo tununue rangi.