Tunda lilitangulia, rangi ikafuata
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema Waingereza waliliita chungwa "orange" kwa sababu ya rangi yake. Sikubaliani naye hata kidogo, mambo yalikwenda kinyume: tunda ndilo lililoipa rangi jina. Neno lilianzia India, likapita kwa Waajemi na Waarabu kama naranj, Wahispania hadi leo wanasema naranja, na lilipofika Ufaransa ile n ya mwanzo ikadondoka. Waingereza walilipokea kama jina la tunda, na ni karne ya 16 tu ndipo wakaanza kulitumia kwa rangi. Kabla ya hapo vitu vya rangi hiyo mara nyingi vilihesabiwa vyekundu au vya manjano. Ushahidi upo wazi: yule ndege wao mdogo, robin, kifua chake ni rangi ya chungwa kabisa, lakini jina lake la zamani ni "redbreast", yaani kifua chekundu. Nimekulia Muheza, mkoani Tanga, kwenye michungwa, na kwetu chungwa huiva likiwa na ganda la kijani, ukilikata lina sukari tele. Ganda hugeuka rangi vizuri pale usiku unapokuwa na baridi, na Muheza ni joto tupu. Laiti tunda lingepewa jina kwa kutazamwa mtini kwetu, lingeitwa kijani! Sisi nasi tumesema "rangi ya chungwa" kwa njia hiyohiyo, kama kahawia ilivyotoka kwenye kahawa. Ninyi wa Lushoto kwenye baridi, machungwa yenu hugeuka rangi yakiwa bado mtini?